Wake Alale na Nani

Aliyenipigia simu hatukuwa tukijuana. Alikuwa dada wa Kikongo, jina lake Espérance, mhudumu katika nyumba moja ya wazee kule Etobicoke, pembezoni mwa Toronto. Aliomba radhi kwanza, kisha akasema, "Mama, hapa kulikuwa mama mukubwa wa Jamaïque. Amekufa jana asubui. Kila siku nikimuogesha alikuwa anaimba wimbo moja ya Kiswahili. Nikamuuliza nani alikufunza, akasema Zena. Namba yako nimeipata mu kitabu yake. Njo weye Zena?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Ule wimbo unaniumizaka, Mama. Miye niko na mutoto kule Uvira." Nilimuuliza mazishi ni lini, nikaandika siku na kanisa nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa.

Marehemu ni Miss Delsie, na kama humjui si kosa lako. Kisiwani kwao Jamaika, zamani hizo, wanawake waliimba nyuma ya wanaume na majina yao hayakuandikwa popote. Kwenye sahani ya santuri lilikaa jina la mwanamume, na chini yake "na wenzake". Yeye ndiye aliyelikataa hilo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, kavaa viatu vya shule, akaketi kwenye ngazi za studio moja ya Kingston akasema haondoki mpaka aone jina lake limepigwa chapa, peke yake, bila mwanamume mbele wala nyuma. Aliketi siku mbili. Alivyotuhadithia jikoni Jumapili baada ya Jumapili, siku ziliongezeka, na mwishoni mvua nayo ikaingia. Lakini sahani yenyewe niliiona kwa macho yangu, imetundikwa juu ya jokofu, na jina lilikuwa moja. Wimbo ule ulivuka bahari ukachezwa mpaka Uingereza. Wasichana wengine wakapita mlango alioufungua yeye, kisha mtindo ukageuka, wanaume wakarudi mbele, naye akajikuta na watoto watatu na jina kubwa lisilonunua unga. Akawaacha watoto kwa mama yake akaja Toronto kufanya kazi katika nyumba za watu.

Mwaka ninaousimulia ni ule aliporudi kwenye santuri na wimbo wake mkubwa wa pili, wenye ubeti wa Kiswahili katikati. Ubeti huo niliutunga mimi. Ni mistari miwili tu, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya kwa kalamu. Sijamwambia mtu. Si marehemu mume wangu, si watoto, si mjukuu wangu Nadia, ambaye alijifunza wimbo huo kwa mama wa rafiki yake wa Kijamaika, akaja kuniimbia mimi, nami nikamsikiliza nikakaza uso. Usidhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu Mungu alinipunja. Ni kwamba kusema ubeti ni wangu ni kusema nilimtungia nani, na kwa nini.

Nilimtungia Rukia. Tulitoka Tanga pamoja, tumefadhiliwa masomo, mimi ukutubi na yeye uuguzi, tukapanga chumba kimoja cha juu katika nyumba ya Miss Delsie, mtaa mdogo unaotokea barabara ya Eglinton. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, dirisha ambalo Novemba tuliliziba kwa magazeti na gundi, na kabati ambalo mlango wake haukushika mpaka Rukia alipoufunga kwa khanga yake. Nguo zetu zilikaa humo zimechanganyika hata hatukujua tena gauni lipi ni la nani, isipokuwa kwamba yakimkaa yeye watu waliuliza kanunua wapi, na yakinikaa mimi waliuliza kama sisikii baridi. Rukia hakuwa mzuri kunizidi. Hilo nililipima kwenye kioo mara nyingi, na picha bado ninazo. Alikuwa na kitu kingine, cha kuingia mahali watu wakageuza viti. Nilimwonea gere kuanzia wiki ya kwanza, na gere ni ugonjwa wa mtu anayeona vizuri. Hakuna lake lililonipita.

Maisha yote ya nyumba ile yalikuwa jikoni. Jumamosi wanawake walijaa humo kuchomwa nywele kwa chanuo la moto, kila mmoja kashika sikio lake mwenyewe lisiungue, na harufu ya mafuta ya nywele ikapigana na ya vitunguu. Jumapili chanuo liliondoka jikoni, sufuria ikapanda: wali wa nazi uliopikwa pamoja na maharage mekundu, kuku wa pilipili, na karibu na Krismasi kinywaji chekundu cha maua na tangawizi ambacho siku ya kwanza nilipokionja nilisema, "Si choya hii?" Rukia akacheka, Miss Delsie akataka kujua tunacheka nini, tukamweleza kwamba ua hilo hata kwetu lipo. Alifurahi kama aliyeletewa salamu za ndugu. Na chini ya sufuria, kama kwa kila mpishi wa nazi anayejua kazi yake, ulishika ukoko. Kwa Miss Delsie ukoko haukuwa wa aliyewahi. Aliukwangua mwenyewe, akatutazama wote mezani, mpiga besi wake, mpiga ngoma wake na sisi wawili, akampa aliyefanya vizuri kuliko wenzake wiki ile. Hakusema neno. Aliuweka tu kwenye sahani yako. Kwa kumbukumbu yangu, ambayo haijawahi kunisaliti katika mambo ya aina hii, mwaka ule mpiga besi aliupata mara nne, mpiga ngoma mara mbili, mimi mara moja, na hiyo moja nitaieleza. Nyingine zote zilikuwa za Rukia.

Tuliingia kwenye kuimba kwa njia ya kuosha vyombo. Miss Delsie alitusikia tukipokezana nyimbo za kwetu kwenye karo, akatushusha chini ya nyumba, ambako kando ya tanuri la kupasha joto alikuwa na piano yenye mapengo mawili na maikrofoni moja iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Alitaka kurekodi tena, safari hii kwa lebo yake mwenyewe, na alitaka sauti za kumwitikia. Sauti yangu ilifika pale noti ilipo, kila mara. Rukia alifika chini yake kidogo, kisha akapanda kuifuata kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nilingoja aambiwe. Hakuambiwa. Baada ya wiki tatu Miss Delsie alimshika mabega akamsogeza mbele, karibu na ule ufagio, na mimi akaniacha pale nilipokuwa, baina ya tanuri na makoti yaliyotundikwa.

Nyumba za zamani za Toronto zina matundu sakafuni, yenye vimia vya chuma, ya kupitishia hewa ya moto kutoka chini. Hupitisha na maneno. Siku moja alasiri niliporudi chuoni nilisikia jina langu likipanda na joto, nikalala kifudifudi, sikio kwenye kimia. "Zena ana masikio," Miss Delsie alikuwa akimwambia mpiga besi. Nayaweka kwa Kiswahili; Kijamaika chake siwezi kukiandika kikafanana naye. "Masikio kunishinda mimi. Lakini akiimba unasikia kamkasirikia mtu." Mpiga besi akauliza, "Na mwenzake?" Miss Delsie akafikiri. "Mwenzake anaimba kama aliyesahau kitu mahali na anataka kukirudia." Niliinuka na shavu limechorwa miraba. Ni kweli nilikuwa nimemkasirikia mtu, na Miss Delsie aliyajua hayo na bado akampa huyo mtu maikrofoni.

Kitu alichokisahau Rukia nilikuja kukijua Januari. Theluji ilifunga barabara siku mbili, tukakaa kitandani kwangu mchana kutwa, blanketi mbili juu yetu, tunakula mkate na siagi ya karanga. Akaniambia. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili, Salim, kamwacha Tanga kwa mama yake. Waliotufadhili hawakuchukua mwenye mtoto; fomu iliuliza, naye akaandika hana. Hapa hakuna aliyejua ila mimi. "Alikuwa halali bila kushika sikio langu," alisema. "Sasa sijui anashika la nani." Nilimkumbatia nikalia naye, machozi ya kweli, siyakani. Na ndani ya machozi hayo hayo nikawaza, kumbe hiki ndicho anachoimbia. Kumbe ana kitu ambacho siwezi kukisomea maktaba. Leo naona aibu kuandika kwamba hata uchungu wake niliutamani, lakini niliutamani.

Miaka ile Wajamaika walikuwa na kiu ya Afrika. Vijana wenye madevu walipita jikoni wakatuuliza uhuru mnasemaje, dada mnasemaje, wakaandika kwenye viganja. Miss Delsie akapata wazo la kutia ubeti wa Kiswahili kwenye wimbo wake mpya, na aliyeombwa autunge nilikuwa mimi. "Wewe ndiye mwenye kalamu," alisema, mbele ya Rukia. Siku hiyo nilitembea kutoka chuoni mpaka nyumbani bila kufunga koti. Nikajaribu. Niliandika juu ya amani na umoja wa Waafrika, yakatoka maneno ya hotuba ya kufungulia daraja. Nikafuta, nikaandika tena, yakawa mabaya zaidi. Jumapili ikafika. Wiki ile Rukia alikuwa na mafua. Hakuimba hata mara moja, alishinda kitandani na kitambaa puani. Miss Delsie akaukwangua ukoko, akatutazama, akauweka kwenye sahani ya Rukia. "Ale apone," alisema, mara ya kwanza nimsikie akiutolea sababu. Nilipanda juu kabla ya chai. Nikaandika, wala sikufuta neno:

Mwana yuko kitandani, mama yuko ugenini,
Awaimbia jirani, wake alale na nani?

Aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa kijembe. Kwetu nyimbo za harusini hutungiwa watu, na wenyewe hujijua. Lakini kwa kawaida unamtungia mtu, kisha anauimba mwingine, yeye akae ausikie. Sijapata kusikia aliyemtungia mtu kijembe akamtia mwenyewe kinywani. Miss Delsie aliponiuliza maana, nilimwambia ni wimbo wa jadi, wa bibi zetu, wa kubembelezea watoto. Akasema una sauti nzuri mdomoni. Rukia aliusoma akiwa amesimama karoni anafuta sahani. Aliusoma mara moja, akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa aproni. "Mizani imetimia," aliniambia. Nilingoja anitukane. Nilingoja asiniongeleshe, ahame kitanda, amlilie Miss Delsie. Ukipigwa kijembe, ama unajibu, ama unavaa vizuri kuliko siku zote ukapita mbele ya watu kama hukusikia. Yeye alishuka chini akauimba. Miss Delsie alitangulia, Rukia akampokea kwenye mstari wa pili, na alipofika kwenye "nani" hakuikaribia noti kutoka chini kama kawaida yake. Aliikuta. Mpiga besi aliacha kupiga. Mimi nilikuwa kwenye makoti, na nakumbuka nilichohisi: nilihisi nimeibiwa.

Walirekodi Aprili, katika studio iliyokuwa chini ya duka la mazulia. Ukiisikiliza sahani ile kwa makini, mwishoni, mtu anakohoa. Huyo ndiye mimi; kingine changu hakisikiki. Zilipoletwa kutoka kiwandani nikaishika ya kwanza mikononi. Jina la Miss Delsie lilikaa peke yake kama alivyotaka siku zote. Chini yake, kwa herufi ndogo: sauti ya pili, Rukia. Na chini kabisa: maneno ya Kiswahili, wimbo wa jadi. Nani alimwambia ni wa jadi? Msiba wa kujitakia hauna kilio. Niliirudisha kwenye boksi nikasema imetoka vizuri.

Onyesho lilikuwa Jumapili moja ya Mei, mchana, katika ukumbi wa kanisa karibu na Bathurst, na tulitakiwa kutoka saa kumi na moja kwa sababu ya ibada ya jioni. Mimi nilipangiwa mlango. Watu walikuja wengi kuliko viti, akina mama wa Kijamaika na kofia zao, na katikati yao wanafunzi watatu wa Kitanzania niliowaalika mwenyewe. Niseme kweli, niliwaalika makusudi. Wimbo wenyewe ulipofika niliuacha mlango. Nilikuwa na noti ya dola moja, ile ya kijani, nimeikunja kwenye kiganja tangu asubuhi. Nilipita katikati ya viti taratibu, noti juu, mabega yanacheza, kama nilivyowaona mama zetu wakienda kumtunza mwimbaji kwa pesa. Kwetu mtu haendi kutunza hivi hivi. Ana lake, na mtu anayemwendea na ubeti anaouchagua ndivyo vinavyosema ni la nani. Nilimpita Miss Delsie bila kumtazama. Nikamzunguka Rukia mara moja, polepole, ukumbi mzima ukituona, na alipofika kwenye "wake alale na nani" nikamtia noti mkononi. Wale wanafunzi watatu hawakuhitaji zaidi. Niliwaona wakiangaliana. Wajamaika wao walidhani ndiyo heshima ya Kiafrika. Wakashangilia, wakainuka na noti zao, wakapanga mstari wa kumtunza Rukia nao. Akaimba ubeti ule mara tano, machozi yanashuka na mikono imejaa, na watu wakasema hawajapata kuona msichana anayeimba kwa moyo kama yule.

Wiki mbili hazikuisha, habari ikafika kwa waliotufadhili. Nani aliifikisha sijui. Aliyeianzisha namjua. Rukia aliitwa, akaulizwa, akasema kweli, akafutiwa masomo. Alihamia Etobicoke, akapata kazi katika kiwanda cha mito ya kulalia. Siku aliyoondoka aliyakunja magauni yake, akaniachia mawili ambayo yalikuwa yake, mwisho akaifungua khanga kwenye mlango wa kabati. Nilikuwa nimekaa kitandani. "Kwaheri, Zena," alisema tu. Kiangazi chote kabati lile lilijifungua lenyewe, nikaamka nikalifunga, likajifungua. Jumapili iliyofuata Miss Delsie alipika kama kawaida. Aliukwangua ukoko akasimama nao muda mrefu, ananitazama mimi, kisha akauweka wote kwenye sahani yangu. Hiyo ndiyo mara yangu moja. Nilidhani zamu yangu imefika, kwamba sasa ni mimi. Niliula wote. Wiki ile aliweka tangazo dirishani la kutafuta sauti ya pili, na Septemba nikahama.

Rukia alimleta mtoto wake baada ya miaka mitatu, na uuguzi akaumaliza akiwa na miaka thelathini na zaidi. Nayajua hayo kwa kusikia. Tulikutana kwenye harusi na misiba ya Watanzania, tukasalimiana kama watu waliowahi kupanga foleni moja. Miss Delsie aliuimba wimbo ule kila mahali alikoitwa, na ubeti wangu ukatoka humo ukaenda zake. Mama za Kijamaika waliwalaza watoto nao hapa na Uingereza, kwa miaka karibu hamsini, hawajui wanasema nini. Kila nilipousikia ukitoka dirisha la mtu nilitaka kugonga mlango niseme ni wangu. Kisha niliendelea na safari yangu.

Kanisa la mazishi lilikuwa Jane and Finch. Nadia alinipeleka. Espérance nilimtambua kwa sare yake ya kazi chini ya koti. Alitoka zamu moja kwa moja. Rukia alikuwa amekaa benchi la tatu, kajifunga ile khanga ya kabatini au pacha wake, na Salim amesimama nyuma na funguo za gari, mtu mzima mwenye upara. Rukia akanisogezea nafasi. Nikaketi kando yake. "Rukia," nilisema, "ule ubeti sikuwahi—" Akanikatiza. "Alijua, shoga."

"Nani?"

"Miss Delsie. Siku ile ile uliyompa karatasi alikuja kuniuliza maana, kwa sababu wewe ulivyomjibu hukumtazama usoni. Nikamwambia yote, mpaka habari ya Salim." Alikuwa akiongea taratibu, anaangalia jeneza. "Akakaa kwenye ngazi. Akasema, mimi ninao watatu Kingston, huyu mtoto Zena kanipiga mimi bila kujua. Nikamwambia basi tusiuimbe. Akasema tutauimba, na Zena asiambiwe tunajua. Akiambiwa atauona haya, ataurekebisha, na maneno yenyewe ni mazuri."

Nilitakiwa kuhisi toba, na ilikuja, lakini haikuja ya kwanza. Kilichotangulia ni wivu, mbichi kabisa, kwamba wawili wale walikaa kwenye ngazi na siri yangu, wakaitunza pamoja maisha yao yote, mimi nikiwa nje. Na ukoko ule niliokula peke yangu nikidhani nimependwa, kumbe alinipa akijua nilichofanya. Nilimuuliza Rukia kwa nini naye aliuimba. "Nilikuwa sina njia nyingine ya kumtaja Salim mbele za watu," alisema. "Alipofika hapa hakunijua. Alinikimbia. Miezi mitatu ya kwanza nililala naye kwa huo huo wimbo wako." Akainamisha kichwa kidogo. "Lakini ile dola, Zena. Ubeti nilikusamehe. Ile dola sikukusamehe."

Wakaupiga wimbo. Kanisa zima likaitika ule ubeti, kofia zinayumba, Kiswahili chao kimepinda lakini hakuna neno lililoanguka. Ulipokwisha mchungaji alifuta miwani. "Tumewalaza watoto wetu na maneno haya tangu mimi sijaoa," alisema. "Yuko mtu hapa anayejua maana yake?" Espérance alinitazama. Nadia, anayeelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza, alininong'oneza, "Bibi, you can tell them." Rukia hakunitazama. "Nenda," alisema. "Ni wako."

Nilikwenda. Niliwaambia si wimbo wa jadi na si wa kubembeleza. Niliwaambia niliutunga mimi, katika nyumba ya marehemu, kumchoma rafiki yangu aliyekuwa amemwacha mtoto wake, kwa sababu alipendwa kunizidi. Kisha nikatafsiri neno kwa neno, mpaka mwisho. Benchi la mbele walikaa watoto watatu wa Miss Delsie, wote na mvi, na yule mkubwa akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa jambo alilokwisha kuambiwa. Mchungaji akaniomba niuimbe. Kumbe maikrofoni ilikuwa hapo hapo mbele ya kinywa changu, na hakuna mtu baina yangu nayo. Nikaanza. Sauti ya miaka yangu haina masikio wala hasira. Nilifika chini ya noti, mara ya kwanza katika maisha yangu, nikawa napanda kuifuata.

Nilipofika mstari wa pili Rukia aliinuka. Alikuja katikati ya mabenchi, goti lake baya, mkono juu, mabega yanacheza kidogo kidogo. Mkononi alikuwa na noti ya dola moja, ya kijani. Nchi hii iliacha kuzitoa noti hizo zamani. Siku hizi dola ni sarafu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imeng'aa. Alimpita mchungaji, akalipita jeneza, akanizunguka mara moja, polepole, na nilipofika kwenye "wake alale na nani" akaitia kwenye kiganja changu akakifunga kwa vidole vyake. Mle ndani tulioielewa ile noti tulikuwa wanne au watano. Wengine waliona tu bibi mmoja anacheza, wakainuka kwa makofi, na macho ya kanisa zima, pamoja na ya mjukuu wangu mwenyewe, yalikuwa kwa Rukia.

Baada ya maziko tulirudi kula katika ukumbi wa chini. Wali ulikuwa wa nazi na maharage, umeletwa kwenye trei za bati kutoka kwa wapishi wa kukodi. Rukia alichukua kijiko kikubwa akachimba mpaka chini, akaangalia, kisha akanionyesha. Palikuwa peupe. Wali wa trei haushiki ukoko. Akatupakulia sahani mbili, sawa kwa sawa, tukakaa tukala.